Chupa ya Maji Niliyompelekea Mzee Donali

Sipendi kusimulia jambo hili, na binti yangu Neema anasema ninyamaze nalo, lakini aibu ukiificha inaoza ndani kama samaki, na mimi ninauza samaki, najua. Basi nasema: nilimmwagia maiti maji. Chupa nzima, mbele ya ndugu zake.

Mnanijua. Nilitoka Uvira, Kongo, na viatu vya mtu mwingine, nikaosha mabasi hapa Birmingham miaka tisa, leo nina duka langu Acocks Green, makayabu, wale samaki wa chumvi, unga wa muhogo, vitenge, na sikumpigia mtu magoti. Kitu kimoja hamkijui: sijui kusoma. Namba nazijua (mwenye duka asiyejua namba atakula nini?), ila herufi zilinipita, shule niliacha darasa la pili. Hata Neema nilimdanganya kwamba ni macho mabovu.

Aliyejua ni mmoja tu, jirani yangu Mzee Donali, Mwairishi, bondia wa zamani, pua imelala upande, mikono kama mikate. Siku moja alinikuta mlangoni nimeshika barua kichwa chini. Hakucheka. Alisema, "Lete, jirani, asubuhi hii sina kazi." Tangu hapo kila barua yangu aliisoma yeye, polepole, kisha anageuza mazungumzo kwenye ngumi ili nisijione mdogo. Nilimuuliza mkanda wake wa ubingwa uko wapi, akasema alinyang'anywa na kijana aliyempiga vizuri, na kila Krismasi bado anampigia simu kumsalimia. Alisema kila pambano aliingia ulingoni anaogopa, na asemaye haogopi ni muongo. Mimi, mtu wa kusema siogopi, nikajifanya nakunja barua.

Baadaye mguu ukamsumbua, binti yake akamchukua kwake Kingstanding. Nilienda mara moja kumwona. Akanishika mkono: "Mwezi ujao natimiza themanini, bingwa. Ukikosa utaniona." Tangu ahame, barua zangu zikawa zinarundikana kwenye gunia tupu la unga.

Kisha ikaja kadi. Picha yake ya ujana, glavu mikononi, anacheka, na chini yake tarehe na saa. Neema akasema, "Baba, macho yako hayo, lete nikusomee." Nikaitia mfukoni. "Hii ni ya wanaume. Sikukuu yake ya kuzaliwa, mwenyewe alishaniambia." Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, simlaumu mtu.

Sasa kwetu mwenye sikukuu anamwagiwa maji, tena unamvizia. Nikavaa shati la kitenge la njano, nikajaza chupa, nikapanda mabasi mawili hadi kwa binti yake. Mlangoni nikasikia vicheko, mtu anaimba, glasi zinagongana. Nikasema moyoni, sherehe imeshaiva. Nikamuuliza bwana mmoja mwenye sahani ya mikate, "Bingwa yuko wapi?" Akanionyesha chumba cha mbele. Watu wamesimama duara, wamenipa migongo. Nikafungua chupa, nikapenya katikati yao naimba, nikamwaga yote kabla macho yangu hayajafika.

Alikuwa amelala kwenye jeneza, suti ya bluu, rozari vidoleni. Maji yakamtiririka usoni, yakapinda pale pua ilipopinda.

Wimbo ukakatika. Chupa ikawa inadondosha matone kwenye kapeti, nayasikia mpaka leo. (Kwao Waairishi maiti analala nyumbani, watu wanakunywa na kukumbushana vituko vyake, kwetu kilio unakisikia tangu barabarani. Ningejuaje?) Dada yake, bibi mfupi mwenye fimbo, akatazama kibakuli cha maji ya baraka kilichokuwa karibu na kichwa, ambamo wageni walichovya vidole wakamnyunyizia marehemu, kisha akanitazama mimi na chupa yangu.

"Matone machache yangetosha, mwanangu," akasema.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na mimi nikaketi sakafuni na shati langu la njano nikalia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu.

Binti yake alikuwa anamfuta baba yake kwa taulo ya jikoni. Akaniambia bila hasira, "Baba alinisisitizia akifa nikupigie simu, kwamba kadi peke yake haitoshi. Nikamuuliza kwa nini, akakataa kusema. Nimepiga mara tatu."

Namba nisiyoijua sipokei. Najivunia hilo, nasema ni watu wa kuuza vitu.

Mtu anakufa, pumzi zinamwisha, bado anailinda siri yangu kama alivyolinda kidevu ulingoni, na mimi nimemlipa kwa kumlowesha.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Neema mezani. Nikaweka kadi mbele yake. "Nisomee. Macho yangu ni mazima. Sijui kusoma."

Akasoma yote, jina lake, siku aliyofariki, saa ya kuja kumuaga. Kisha tukalifungua lile gunia.

Tangu siku hiyo karatasi haiingii mfukoni mwangu kabla ya kusomwa, na atakayecheka acheke. Sijui kusoma, maneno mawili. Ningeyatamka asubuhi kadi ilipofika, ningemuaga mzee wangu akiwa mkavu.