Sauti Iliyotoka Ndani ya Pipa

Sisi tuliokulia mtaa wa Ziwani kabla simu haijaingia kila mfuko, tukitaka sauti yenye mwangwi tulimwaga maji. Kila nyumba ilikuwa na pipa la plastiki, maana mfereji ulitoa maji ulipotaka. Pipa likiwa tupu, ukiingiza kichwa na kusema "aaa," lilikurudishia sauti nene kama ya padri. Dada yangu Nafula ndiye aliyegundua kwamba ukiteremsha redio kaseti humo ndani, mwangwi nao unarekodiwa.

Nafula alikuwa fundi wa sauti kabla hatujajua kuna kazi kama hiyo. Akitaka sauti laini, alikufunika blanketi pamoja na redio. Akitaka mvua, alitikisa mchele kwenye ungo. Leo mwanawe Brayo anayo hayo yote kwenye simu. Anabonyeza tu, anasikika kama yuko pangoni, na kumbe amelala kitandani. Hata shingo haimuumi.

Siku hizo mimi sikuwa mtu wa kusema. Darasani nikiitwa nilisimama, nikaangalia dawati, nikakaa. Wenzangu pale mferejini walinitania, "We Wekesa, ulimi uliuacha nyumbani?" Habari zilifika hadi Bungoma kwa Kukhu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, kwamba mjukuu wake ni bubu. Zilimuumiza sana, kwa sababu nilipewa jina la marehemu mume wake, na kwa mzaha wa kwetu aliniita "bwanangu." Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na safari hakuziweza tena. Akamtumia baba neno: "Niletee sauti ya bwanangu kwa kaseti. Nataka nijue kama anasema."

Baba alikuwa asafiri Jumatatu. Jumapili baada ya kanisa tukaketi kuzunguka redio, kila mtu akatoa salamu zake. Zamu yangu ilipofika nilinyamaza.

"Sema, wewe! Kaseti inakwenda," Nafula alininong'oneza.

Sikuweza. Baba akazima redio. "Basi, nitamwambia ni kweli," alisema, akatoka nje. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nafula aliniangalia, kisha akaangalia pipa. Tulilimwaga lote mtaroni. "Humo ndani hakuna mtu anakuona," aliniambia. Nikainama, nikaingiza kichwa na redio gizani, nikasikia pumzi yangu imekuwa kubwa. Nikasema, "Kukhu, ni mimi Wekesa. Niko. Usilie." Sijui hilo neno la mwisho lilitoka wapi.

Mama aliporudi kutoka mkutano wa akina mama, mfereji ulikuwa umeshakauka. "Mmemwaga maji ya siku tatu ili muongee na pipa?" Tuliomba maji kwa majirani hadi Jumatano, ndoo moja moja, na moyoni sikujuta.

Baba alirudi na kaseti ileile, Kukhu ameijaza upande wa pili. Baba alitusimulia yaliyotokea. Kule hakukuwa na stima. Redio ya shangazi ilitumia mawe ya betri, na yale mawe yalikuwa yameanikwa juani mara nyingi mno ili yapate nguvu kidogo tena. Kaseti ilizunguka kwa uchovu. Sauti yangu ya mtoto, pamoja na mwangwi wa pipa, ilitoka polepole na nzito, sauti ya mzee. Kukhu alimshika baba mkono.

"Huyo ni bwanangu," alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Shangazi alitaka kumweleza habari ya mawe. Baba akamkanyaga mguu.

Tuligeuza kaseti tukasikiliza jibu. Kukhu alisema taratibu, kwa Kibukusu, "Nimekusikia, Wekesa. Silii. Ng'ombe wako wapo. Ule mlango wa ghala uliosema utautengeneza, nilimwita fundi mwenyewe. Je, umetulia huko?"

Akanyamaza, kama mtu anayengoja. Nami, mtoto wa miaka tisa, nikajibu kwa sauti mbele ya wote, "Nimetulia, Kukhu." Baba, mama na Nafula wakanigeukia. Hakuna aliyecheka.

Kukhu alishatuacha. Majuzi Brayo aliingiza kaseti hiyo kwenye simu yake. "Anko, hii iko na kelele mob. Ngoja nitoe," akasema, akabonyeza. Sauti ya Kukhu ikabaki peke yake, safi kama maji ya chupa. Hakukuwa na kuku tena, wala matone ya mvua kwenye mabati, wala kikohozi cha shangazi.

"Sasa iko poa, ama?"

"Rudisha kelele," nikamwambia.

Akacheka, akabonyeza tena, zikarudi zote. Hilo nalisifu kwa simu za vijana: ukikosea, unarudi nyuma. Sisi makosa yetu yalikwenda na kaseti hadi mwisho. Na simu haichoki kama yale mawe. Inaileta sauti yako jinsi ilivyo, isipokuwa umeiambia vingine. Lakini mawe ya shangazi yangekuwa mapya siku ile, Kukhu angesikia mtoto tu.