Neno la Mtani Katika Daftari la Mdachi

Mie sikusoma, nalisema mapema watu wasije wakasumbuka kunipima. Nikitazama karatasi naona kuku wamepita kwenye majivu, basi. Lakini wakati wa vita vya Maji Maji kuna Mdachi mmoja mwenye daftari na miwani nilimkalisha kitini toka asubuhi mpaka adhuhuri, anatafuta neno moja tu katika lugha ya kwao, na wallahi hakulipata. Nionyesheni msomi aliyefanya hivyo.

Kwetu Mtunda. Mwaka ule mpunga ulikubali hata nyani walikuwa wanashiba, wanachukua na wa kupelekea wakwe zao. Ikatoka amri kambini Kibiti, kila nyumba ipeleke kikapu cha mchele cha kulisha askari. Nikajitwisha changu. Kikapu chenyewe kilikuwa kizito, nilitoka nyumbani mtu mrefu nikafika mfupi, na urefu wangu haukurudi mpaka leo, muulizeni mke wangu.

Nafika kambini nakuta mateka wamekalishwa chini ya mkwaju, wamefungwa kamba moja kiunoni kama samaki wa kuuzwa. Juu ya tawi kulikuwa na kamba ya pili, ina kitanzi, haina mtu bado. Walisema waliokamatwa njiani wanachambuliwa siku ileile: aliye na mtu wa kumtambua anakwenda zake, asiye na mtu anabaki na mkwaju. Na wa nne katika mstari ule, anapiga miayo, ni mtani wangu.

Yule alikuwa Mmatumbi wa milimani. Kila mwaka alishuka na tumbaku, akapita Chumbi, akaja kwangu kubadilisha kwa mpunga, na siku alizokaa kwangu sufuria zililia. Mmatumbi na Mndengereko ni watani toka kwa mababu. Sasa mtani wako ukimkuta taabuni ndipo unapomtania zaidi. Ukimpita kimya, au ukamtazama kwa huruma, umemwambia kwamba amekwisha. Mie sikutaka ajue kwamba amekwisha. Nikatua kikapu nikapaza sauti:

"Alhamdulillahi, mmemkamata. Huyu namtafuta mwaka mzima. Mnyongeni upesi kabla hajala kamba. Huyu peke yake kaua askari arobaini kwa harufu ya kwapa."

Mtani akafungua jicho moja. "Arobaini na mmoja," akasema. "Umemsahau mjomba wako."

Moyo wangu ukatulia, kwa sababu mtu anayejibu hivyo bado mzima. Ila pale pembeni alisimama askari Mnubi, mtu wa mbali huko, utani wetu haujui. Yeye kasikia askari arobaini. Nilipokuwa bado nacheka nikaona anakimbilia hemani kwa bwana mkubwa, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja hana.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Yule mtu alikuwa hana shahidi. Sasa amepata, na shahidi ni mie, nimeshasema anyongwe.

Tukaitwa wote wawili. Mdachi kakaa nyuma ya meza ndogo, kofia ameiweka mezani, daftari wazi. Ubavuni kwake karani, mtu wa Tanga aliyejifunza Kidachi shuleni, kanzu nyeupe kama vumbi halijapata kuiona. Mdachi akasema, karani akageuza: Je, umemwona huyu akiua? Nikasema sijamwona akiua hata kuku, huwaga anawakuta wameshapikwa. Basi kwa nini umesema? Nikasema, kwa sababu ni mtani wangu.

Karani akafungua mdomo kugeuza, akaufunga. Akaufungua tena. Jasho likamtoka. Mtu wa Tanga utani anaujua sana, na kwao upo, lakini kuujua na kuutia katika Kidachi ni mambo mawili. Mdachi kashika kalamu, anangoja. Kwenye daftari lake kila mtu alikuwa na mstari wake: jina, kijiji, halafu huyu ni nani kwa yule. Neno moja, si zaidi, nafasi ilikuwa nyembamba.

Karani akajaribu la kwanza. Mdachi akatikisa kichwa, akamrudishia: yaani rafiki? Nikasema hapana bwana, rafiki hawezi kukuambia mama yako anafanana na kambare, na huyu kaniambia mara saba, na mama akiwepo. Mdachi akaandika, akafuta. Yaani adui? Nikasema hapana, adui huwezi kumwachia nyumba, na huyu namwachia nyumba na funguo. Akaandika, akafuta. Ndugu? Nikasema aka, ndugu wangechukua kanzu yangu ya Idi bila kuniambia ningewapeleka kwa kadhi. Huyu kaichukua naona, kaivaa, kaenda nayo msikitini, tumeswali safu moja, na sikusema neno.

Karani alipolifikisha lile la kanzu nikaona Mdachi amefurahi, kalamu imekimbia. Kumbe amepata neno: mwizi. Nikasema siyo, mie mwaka uliofuata nilipanda kwake milimani nikaondoka na beberu wake, na mkewe ndiye aliyenishikia kamba. Mdachi akanitazama, akamtazama mtani. Karani akasema kwa sauti ndogo, "Bwana mkubwa anauliza, nyie wote wawili ni wezi?"

Jua limepanda. Karatasi ile ilikuwa imefutwa mpaka imetoboka, nadhani kwa upande wa pili ulikuwa unaona Zanzibar. Mdachi akaweka kalamu chini. Na mie namjua mtu aliyechoka kutafuta: anachukua kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni adui. Karani akaniangalia kwa jicho la kusema, mzee, nimemaliza yangu.

Nikamwambia karani, acha kutafuta neno, mweleze kazi. Mwambie mtani ndiye anayezika. Baba yangu alipofariki, huyu alitembea siku mbili, akafika, akashuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali. Akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wanalia wakashindwa kulia. Tukamkamatia jogoo, akatoka, na yeye huyohuyo akampokea baba yangu kwa mikono yake, akamlaza, na aliporudi juu alikuwa amelia kuliko mie mtoto wa marehemu.

Karani akaeleza. Ilimchukua muda mrefu, na mara hii hakutoa jasho. Nadhani na yeye alimkumbuka wa kwao. Mdachi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali la maana la kwanza toka asubuhi: huyu nikimnyonga leo, nani atamzika?

"Mie," nikasema. "Tena leo leo. Nitalala kaburini mpaka nipewe jogoo."

Mdachi akauliza jogoo huyo atatoka kwa nani, maana huyu hana ndugu hapa.

"Kwako, bwana mkubwa. Akifia kwako, mfiwa ni wewe. Matanga tutaketi hapa, na watani wote wa Mtunda, Mtawanya na Chumbi watakuja. Watakaa kwenye kiti chako, watavaa kofia yako, watakula mchele wako siku tatu, na hairuhusiwi kukasirika."

Karani alilimeza kwanza, kisha akalitoa lote, hakupunguza hata chembe. Nikaanza kujihesabia shahada kimoyomoyo. Halafu Mdachi akanyoosha mkono, akaivuta kofia yake kutoka mezani, akaiweka magotini.

Akasema, karani akageuza: mchukue. Akae kwako, askari atapita kila Jumatatu kumtazama. Siku asipomkuta, utanyongwa wewe.

Nikasema naam. Mtani, anafunguliwa kamba, akajinyoosha, akasema kwa sauti ya kusikika na mkwaju, "Mwambieni bwana nitatoroka kabla hatujafika Mtawanya."

Mdachi akamuuliza karani amesema nini. Karani akamwambia, anashukuru sana.

Tulipokuwa tunatoka karani alitusindikiza hatua mbili tatu. Nikamuuliza, hatimaye bwana kaandika neno gani? Akasema kaandika jina langu, kaandika jina la mtani, na katikati kaacha pametoboka vilevile.

Sasa mie nikadhani taabu imekwisha, kumbe nimeibeba nyumbani. Jumatatu ya kwanza askari akaja, Mnubi yuleyule, sasa ana viatu vyote viwili. Namwita mtani, hakuna. Natazama shambani, juu dunguni tunapolindia mpunga, hakuna. Chooni, hakuna. Mnubi akaanza kunitazama shingo. Nimezunguka nyumba ile nadhani mara mia na ishirini, hata njia niliyochimba kwa miguu mvua ilipokuja ilishika maji, tukavua perege humo. Mwisho nasikia chafya ndani ya kihenge cha mpunga. Kajifukia, kabakisha pua. Katoka anapangusa pumba, akamwamkia askari kwa adabu, akaniuliza mie mbona nimelowa jasho.

Akafanya hivyo Jumatatu ya pili. Ya tatu. Mke wangu akamwambia shemeji, utaniua mume. Akasema, shemeji, nakutafutia mwingine mrefu.

Basi tukaenda hivyo miezi. Siku moja niko barabarani nikakutana na karani yule, amefunga mzigo. Akaniambia kambi inavunjwa, bwana mkubwa ameitwa kwingine, askari ameondoka alfajiri. Jumatatu hakuna mtu atakayekuja, na mtani wangu yuko huru, akitaka na arudi kwao milimani. Tukapeana mikono, nikamshukuru mpaka nikakosa maneno, na mie si mtu wa kukosa maneno.

Nilirudi nyumbani nimefunga mdomo. Jumatatu ikafika. Mtani kaamka mapema, kanywa uji, kaingia kihengeni, kajifukia. Ilikuwa siku ya joto lake. Nikaweka mkeka kivulini, nikala muhogo, nikaswali adhuhuri, nikalala kidogo. Mke wangu akapita akanong'ona kwamba mgeni ataivia mle ndani. Nikamwambia aongeze uji jikoni, mtu akitoka atakuwa na njaa, na kesho ana safari ya kwao.

Alasiri kihenge kikatikisika. Sauti ikatoka chini ya mpunga, nyembamba, imejaa vumbi.

"We Mndengereko. Wamekwenda?"

"Bado," nikamwambia. "Ndio kwanza wanavua viatu."