Kabari ya Kambale

Enzi zetu, na vijana wa leo wasinune, raga ilianzia kwenye matope ya barabara ya Beni. Ilikuwa wakati wa vita. Butembo ilikuwa mikononi mwa waasi, Kinshasa ilikuwa na serikali yake, na sisi watoto wa mtaa wa Mususa, hapo Butembo, tulikuwa nyuma ya magari ya wafanyabiashara, tunasukuma. Lori likizama, wanane tuliinamisha vichwa, bega kwa bega, moshi na harufu ya vitunguu vya Lubero vikituingia puani. Kambale, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa mdogo kuliko sote, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kabari. Gurudumu likisogea kidogo tu, anajitupa chini na kulikinga kwa kipande cha mti kabla halijaturudia. Hakuchelewa hata siku moja, ndiyo maana bado tuna miguu.

Padre mmoja mgeni alituona, akatuletea mpira mrefu kama papai. Alitupanga vilevile tulivyozoea: wanane mbele tukisukumana na wapinzani, na Kambale nyuma yetu, achomoe mpira miguuni mwetu na kuurusha. Padre alimwita demi de mêlée. Tulicheza Rughenda, kwenye uwanja wa ndege wenyewe, na ndege ikitua tunakimbilia majanini, kisha tunarudi. Viatu? Msinichekeshe. Siku hizi kijana anakosa mazoezi kwa sababu nyasi zina umande.

Sifa za Kambale zilifika Kinshasa kwa midomo ya mapadre, na timu ya taifa ikamwita. Furaha ya nyumbani ilidumu mpaka mkubwa mmoja wa waasi kule Beni aliposikia. Huyo alivaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, na cheo alijipa mwenyewe. Alimwita ofisini kwake, mtaa wa Beu, akamsemesha kwa upole kama mtoto.

"Unaenda kuchezea inchi gani, petit? Inchi iko hapa. Njo miye," akajigonga kifua.

Akamfungia ndani ya kontena mchana kutwa, ajifunze uzalendo. Alipoachiwa, Kambale alivuka mpaka wa Kasindi, akaingia Uganda. Kampala alikutana na wachezaji waliomsihi abaki achezee kwao, maana lugha yetu inasemwa mpaka upande wa pili wa mlima, huko Uganda, na hakuna ambaye angemwuliza ametoka wapi. Akakataa. Alitaka jezi ya kwao. Nilimwita kichwa ngumu, na bado namwita.

Akapanda ndege mpaka Kinshasa, na huko napo alimkuta mkubwa, huyu wa tai na manukato. Aliposikia Butembo, swali lake la kwanza lilikuwa nani amemtuma kupeleleza. Siku ya mechi Kambale alikaa benchi mpaka karibu na mwisho, demi de mêlée wao alipovunjika kidole na hakukuwa na mwingine. Akaingia, akachomoa mpira mmoja, wa pili, filimbi ikalia. Kazi yake yote ya kimataifa ilikuwa fupi kuliko kukaanga maandazi ya asubuhi, na hawakumwita tena.

Alirudi kwa njia ileile, jezi ameificha chini ya shati. Shangazi aliifua, akaigeuza ndani nje, akaitazama sana.

"Kule banakuita rebelle, muasi. Huku banakuita mutu ya Kinshasa. Sasa ile inchi ulichezea, iko wapi?"

Mimi naona uchungu mpaka leo, kwa sababu wale wakubwa wawili, wa miwani na wa tai, hawakuwahi kuulizwa swali hilo.

Sasa redio inasema nchi ni moja. Jezi za taifa zinauzwa sokoni, na vijana wanazivaa kupigia picha. Majuzi tulikuwa kwenye basi tunapanda kwenda Beni, lori likazama mbele yetu. Vijana watano wenye jezi za taifa wakashuka, wakatoa simu, wakaanza kupiga video. Kambale, mwenye mvi sasa, alitafuta kipande cha mti pembeni bila kuwasemesha. Sisi wazee tukainama nyuma ya lori pamoja na dereva na askari mmoja wa kutoka Kasai, upande mwingine kabisa wa nchi. Tulisukuma, gurudumu likasogea, Kambale akajitupa chini.

Hakuchelewa. Nikamkumbuka shangazi, marehemu sasa. Angekuwa pale barabarani na swali lake la inchi iko wapi, ningemwonyesha kwa kidole, pale nyuma ya lori.