Nuksi ya Jirani Yangu

Jirani yangu hajaona mechi hata moja nzima ya timu ya chuo msimu huu, na hapa Nebraska hakuna anayeipenda timu ile kumzidi. Siku ya mechi ya kwanza alitoka sebuleni kwenda kutupa takataka, vijana wakafunga. Aliporudi kwenye televisheni, wakapokonywa mpira. Basi, ikawa sheria. Kila Jumamosi mkewe, LaVonne, humtoa nje na kufunga mlango kwa komeo. Yeye hukusanya majani kwa reki, na yakiisha huyatawanya ayakusanye tena, akitega sikio kila mtaa unapopiga kelele. Timu haikushindwa tena.

Siku ya fainali timu yetu ilikuwa nyuma. Nikamwona amebandika pua kwenye dirisha la jikoni kwao. LaVonne akatoka na mwiko mkononi. "We mzee, unatutia nuksi!" "Nimechungulia kidogo tu, mke wangu." "Hicho kidogo chako ndicho kilichotuponza! Potea kabisa!" Mzee akapanda pikapu yake, akaondoka. Hata kona hajafika, tukafunga. LaVonne akampigia simu: "Usirudi! Songa mbele!" Akasonga. Tulipotwaa kombe alikuwa ameshavuka mto wa mpakani, yuko jimbo la Iowa, anakula soseji peke yake kwenye kituo cha mafuta. Kesho yake nikampa mkono wa pongezi juu ya uzio. Akashusha kofia usoni kwa haya. "Asante, jirani," akasema. "Lakini tuseme ukweli, hata wale vijana nao walijitahidi."