Siku Tatu Ndani ya Silanga

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kujaza mitungi ya hewa. Wageni huja Diani kuzamia baharini, nami hukaa nyuma ya duka, ndani ya kibanda chenye kompresa inayonguruma mpaka masikio yakaziba. Najaza mitungi, naosha mapezi na miwani yao, naanika. Sikuwahi kujitwika mtungi mgongoni hata siku moja. Hakuna aliyenikataza, ila sikuona haja. Kuogelea najua tangu utotoni, na bahari ya kwetu mtu huona mchanga wa chini bila kifaa chochote.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini mdogo wangu alipozama, mtu wa kwanza niliyemkimbilia alikuwa mwenye duka.

Mdogo wangu alikuwa akiishi karibu na wakwe zake upande wa Mkongani, akilima nyanya na mchicha. Maji aliyavuta kwa pampu kutoka silangani, lile bwawa la kuchimbwa linalokusanya maji ya mvua, wanakokunywa ng'ombe na wanakofulia kina mama. Asubuhi ile pampu iliacha kutoa maji. Chujio lililo mwisho wa mpira lilikuwa limeziba kwa majani. Akavua shati, akaushika mpira, akaufuata majini mkono kwa mkono mpaka kichwa kikapotea. Shemeji yake, aliyebaki kando ya pampu, aliuona mpira ukitikisika mara mbili tatu. Kisha ukatulia.

Simu ilinikuta kibandani. Nikaenda kwa mwenye duka, mtu wa bara, si mbaya wa maneno.

"Ndugu yangu amezama silangani. Nipe wazamiaji wawili na mitungi minne. Mitungi nitaijaza mimi mwenyewe."

Akaniangalia kwa huruma. "Pole sana, buda. Kweli, pole. Lakini hiyo ni maji chafu, huwezi ona kitu. Bima yetu haigusi hiyo. Na saa nane kuna grupu ya wageni."

"Bado yuko ndani."

"Naelewa. Jaribu watu wa serikali."

Mitungi ya grupu hiyo nilikuwa nimeijaza mimi alfajiri. Ilikuwa imepangwa mlangoni, kumi na miwili. Nikaipita. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliipita, kwa nini sikuibeba miwili nikakimbia nayo. Jibu ni kwamba hata ningeibeba, nisingejua kuitumia. Hilo ndilo linalonichoma.

Niliyoyafanya badala yake nitayaandika kama yalivyo. Nilishuka ufukweni nikawaomba wavuvi ninaowafahamu waje na juya, ule wavu mrefu wa kukokota. Walikuja bila kuuliza swali, wanaume tisa na juya lao ndani ya pikapu. Wazo lilikuwa langu. Kwetu kitu kikipotea majini huzungushiwa wavu ukavutwa, tumezaliwa tukiona hivyo. Tukafika, tukaingia silangani kwa pamoja, vijana wa Mkongani nao wakaingia, watu labda thelathini. Tukakokota. Tulitoa magogo, tulitoa chandarua, tulitoa kambare. Maji yaliyokuwa na rangi ya chai yakawa uji.

Tulikokota siku nzima ile, na siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi alipanda juu mwenyewe, mbali na mahali alipoingilia, ng'ambo kabisa, chini ya matete.

Mama yetu alikuwa Bongwe, nyumbani, amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake tangu siku ya kwanza. Tukampeleka marehemu huko. Waosha maiti wakaingia naye nyuma ya pazia. Baada ya muda mfupi mkubwa wao akatoka, akanivuta pembeni.

"Ngozi haihimili maji, kaka. Tukimwaga maji inatoka. Itabidi tumtayamamishe."

Sheria inaruhusu, najua. Pasipowezekana maji, hutumika mchanga, mikono hupigwa juu ya vumbi safi, marehemu akapakwa usoni na mikononi, basi. Ni halali na hakuna dosari. Lakini mdogo wangu alikaa siku tatu ndani ya maji, kisha maji yakamkosa saa ile ya mwisho. Nilitamani kumpiga mtu.

Mama akaniita dirishani. "Ameoshwa vizuri?"

"Ameoshwa, mama."

"Kwa maji ya uvuguvugu?"

"Ya uvuguvugu."

Watu wakaja kutoa pole. Kila mmoja aliniambia ni kadari ya Mungu. Mimi naamini kadari, sijakufuru. Lakini kufa ni jambo moja na kuachwa topeni kwa siku tatu ni jambo jingine, na niliona wazi kwamba wengi walilitamka neno hilo ili ninyamaze. Nikanyamaza. Mimi si msemaji, na hasira yangu haina sauti. Nilirudi kazini baada ya arubaini, nikawasha kompresa.

Pale dukani kuna mwalimu wa kuzamia, mwanamke wa Mkwiro, umri wake unaweza kuwa wa bintiye dada yangu. Siku moja nikamwambia nataka kujifunza. Akafurahi, akasema tutaanzia kwenye matumbawe, maji meupe, nitawaona kasa.

"Sitaki kasa," nikamwambia. "Nataka silanga."

Akaacha kutabasamu. Habari alikuwa nazo, kila mtu alikuwa nazo. Siku mdogo wangu alipozama, mwalimu alikuwa kazini, akiwapeleka wale wageni. "Kaka, humo mtu haoni."

"Ndiyo maana."

"Mwenye duka akijua nitafukuzwa."

"Basi asijue."

Ilikuwa msimu wa masika, wageni wachache. Jumatatu alikuwa na mapumziko. Tukaenda na mitungi minne mikuukuu kwenye silanga ile ile. Kina mama waliokuwa wakifua waliacha nguo ndani ya mabeseni.

"Yule ndiye mwalimu? Mwanamke?"

"Na mwanafunzi ana mvi! Babu, shule ulianza lini?"

"Mwatafuta dhahabu au kambare?"

Mchungaji mmoja alisimama na ng'ombe zake. "Zamieni mtakavyo, lakini msinikojolee maji. Hawa wangu wanakunywa."

Mwalimu akamjibu, "Wako wanakojoa wenyewe tangu asubuhi, bwana." Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama matete ya ng'ambo.

Siku ya kwanza niliaibika. Nilishuka kiasi cha kimo cha mtu, rangi ya chai ikawa rangi ya kahawa, kisha ikawa giza. Niliinua mkono mbele ya miwani nisiuone. Nikasikia pumzi yangu tu, ile hewa niliyoijaza mwenyewe, ikiingia na kutoka haraka haraka. Nikajua mdogo wangu alikuwa hapa, hivi hivi, bila hewa. Nikapanda juu kama aliyechomwa, nikakitema kidude cha kupumulia, nikatapika ukingoni, nikamtukana mwalimu. Matusi gani sitayaandika. Aliyasikiliza yote akiwa ameshika kamba yangu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Ukirudi fumba macho."

"Nifumbe macho?"

"Macho yako ya baharini. Yanatafuta kitu cha kuona, hayakipati, ndipo roho inaruka. Yafumbe. Mkono mmoja kwenye kamba, mmoja kwenye tope. Nikivuta mara moja, nauliza kama u mzima. Nijibu mara moja. Ukipata kitu, vuta mara mbili. Usiguse chini kwa mapezi. Ukitibua tope umejizika."

Nilirudi. Jumatatu baada ya Jumatatu nilirudi. Mikono yangu ilijifunza kutofautisha gogo na jiwe, gunia na mizizi. Niliona kwamba tope lisipoguswa hukaa tulivu kama mtu aliyelala, na kitu kilichozama ndani yake hakiendi popote. Jambo hilo lilianza kunisumbua kabla sijajua kwa nini.

Jumatatu ya saba mwalimu alizamisha gunia la mchanga nikiwa nimegeuka nyuma. Akanionyesha mahali lilipoingilia. "Anzia hapo. Kamba ikiwa fupi kwanza, zunguka nusu duara, kisha ongeza kidogo." Nililipata kwenye zamu ya tatu, karibu sana na ukingo. Nikalivuta juu. Kina mama wakapiga vigelegele, lile kundi lililonicheka.

Tukakaa kwenye nyasi. Mwalimu akauliza, pole pole, "Mdogo wako alikuwa ameshika nini?"

"Mpira wa pampu."

"Alizamia kwenye chujio."

"Ndiyo."

"Basi kamba mlikuwa nayo tayari. Mngeufuata mpira mkono kwa mkono mngemfikia. Mpira ulikuwaje mlipofika?"

Niliuona mpira ule mweusi, umelala majini kutoka kwenye pampu mpaka pale ulipozama, umetulia. Nilisikia sauti yangu.

"Tuliutoa."

"Nani aliutoa?"

"Mimi. Nilisema utakwaza juya."

Akaanza kuikunja kamba. Namshukuru kwa hilo. Nilitoka pale nikatembea peke yangu mpaka mashambani, nyanya za mdogo wangu zimekauka kwenye miti yake, nikazing'oa moja moja nikizitupa mpaka mikono ikauma. Miezi mitano nilikuwa nimemchukia mwenye duka na grupu lake. Bado namchukia, sitasema uongo. Lakini niliyeukata uzi wa kumfikia ndugu yangu ni mimi, na niliyemburura kwa wavu mpaka ng'ambo ni mimi.

Mwisho wa mvua mmoja wa wale kina mama wa silangani alinipigia simu adhuhuri, mtu amezama. Mfugaji mmoja, silanga nyingine, juu zaidi upande wa nyika. Alikuwa amemfuata ndama aliyenasa topeni. Nilibeba mitungi miwili mlangoni kwa mwenye duka, mbele ya macho yake. Alisogea, akanipisha. Mwalimu alikuwa tayari juu ya pikipiki.

Tulipofika wanaume walikuwa wamejaa majini, wameshikana mikono, wanakanyaga.

"Tokeni!" nilipiga kelele. Sijui sauti ile nilikuwa nimeiweka wapi.

"Wewe nani, mzee? Sisi tunamtafuta mtu wetu!"

"Tokeni majini! Mimi nilimtafuta wangu hivyo hivyo, nikampata siku ya tatu ameoza! Tokeni!"

Wakatoka, mmoja mmoja, wakinitazama kama mwenda wazimu. Nikamuuliza mkewe alimwona mara ya mwisho wapi. Akanyoosha kidole. Kamba ya ndama ilikuwa bado inaelea, na kijana mmoja alikuwa ameanza kuivuta. "Iache!" nikamwambia. "Usiiguse hiyo."

Nikaishika, nikafumba macho, nikashuka nayo. Haikuwa mbali. Mkono wangu ulikuta shuka, kisha bega, kisha mkono uliokuwa bado umeifumbata kamba. Nikaushika mkono ule muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha nikavuta mara mbili.

Alitolewa kabla ya alasiri. Alikuwa Muislamu. Walimwosha kwao, nami nikakaa nje ya pazia la makuti na nguo zangu mbichi, nikasikiliza maji yakimwagwa, kata baada ya kata, yakitiririka ardhini. Nilisikiliza mpaka yakaisha. Sikupata faraja, nilipata hasira mpya, kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi kiasi kile.

Nilifika Bongwe jua likiwa bado juu. Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia mmempata."

"Tumempata."

Akaendelea kuchambua. "Huyo ameoshwa kwa maji?"

"Kwa maji, mama."

"Alhamdulillahi." Akatupa chuya moja uani. "Na ndugu yako ungeniambia. Waosha maiti walipotoka walipita hapa mbele yangu na ndoo zao. Zilikuwa bado zimejaa."

Nikaketi chini karibu naye. Nikamwambia yote, la vumbi, la juya, la mpira. Hakunisamehe wala hakunilaumu. Alisogeza ungo ukawa kati yetu, nikaanza kuchambua upande wangu.