Ile .44 ya Baba Karibu Inifukuzishe Kazi

Jamani, haya yaishie hapa hapa. Nawaomba sana.

Leo ofisini, huku ughaibuni Al Mansoura, walinzi wawili walibishana: bastola ya .357 na ya .44, ipi ina risasi kali zaidi?

Mimi karani nikaropoka: "Ya .44! Ila .454 inazishinda zote mbili."

Kumbe mudiri, bosi wetu Mwarabu, yuko nyuma yangu.
"Ya akhi, ndugu yangu, umejuaje?"

Nikajiona nimesharudishwa Nairobi.

"Baba alikuwa askari wa wanyamapori. Nilijifunza kuhesabu kwa maganda ya risasi zake."

Akasema taratibu: "Wangu alikuwa mwanajeshi. Alinifundisha kupuliza ganda kama filimbi."

Nikaisikia harufu ya baruti, kama niko nyumbani.

Msinipigie kazini, niandikieni jioni. Mkimpigia baba, aweke simu sikio la kushoto. La kulia lilizibwa na mlio wa ile .44 yake.