Mstari Ulioishia kwenye Neno Mama

Chekeni kwanza mmalize, maana mwisho wa mkasa huu mimi mwenyewe sikuweza kucheka, na hadi leo nikiukumbuka uso unanishuka.

Enzi zile za kuhamia vijiji vya Ujamaa nilikuwa kijana wa Tabora mjini niliyesomeshwa kuandika programu za kompyuta, na kwa jinsi nilivyojiona (kalamu tatu mfukoni, zote za nini?) hata mama yangu alinichoka. Mtambo wenyewe ulikuwa Dar es Salaam. Kila familia iliingizwa mle kama furushi moja: mkuu wa kaya, watoto walio hai kwa kufuatana, na mahali walikotoka. Sasa furushi halisomeki. Usipoiambia mashine namna ya kulionyesha kwa maandishi, inakutolea namba tu, na kazi yangu ilikuwa kutunga kanuni ya jinsi kila familia itakavyotokea kwenye karatasi, mstari mmoja.

Bosi wangu alisema niweke jina la mkuu wa kaya, yaishe. Mimi nikaona huo ni ukosefu wa adabu.

"Mzee, kwetu mtu mzima haitwi jina lake tupu," nikamwambia, nikaandika kanuni yangu: BABA au MAMA, kisha jina la mtoto wa kwanza. Nikaijaribu kwa familia yetu, ikatoka vizuri, nikaridhika. (Familia moja tu! Tena yenye watoto saba.)

Orodha ikaja kwa treni, nami nikaipeleka mwenyewe kijiji kipya nje ya Igalula, siku ya kugawa viwanja. Mwenyekiti alikwisha tangaza kwamba mtu akiitwa asipoitika, kiwanja chake anapewa mwingine. Nikasoma kwa madaha, Baba Masanja, Mama Shija, watu wanaitika, vigelegele, wanashangaa mashine ya Dar imewajuaje, nami kichwa kinavimba, mpaka nikafika kwenye mstari ulioandikwa MAMA, na baada yake hakuna kitu.

Badala ya kunyamaza nikaleta utani wa mjini. "Mama nani huyu? Au mashine imeona hana mtu?"

Watu wakacheka. Hakuna aliyeitika. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kimya, na mwenyekiti akachukua kalamu aufute mstari ule.

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo, na wale waliohama naye wakainamisha vichwa.

"Ni mimi," akasema taratibu. "Nilizaa wanne, mwanangu, nikazika wanne. Ulivyoita, nimeona aibu kuitika."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitaka kusema nisamehe mama, lakini neno lenyewe, mama, sikuthubutu kulitamka tena. Nikabaki kumwuliza, "Nikuandike nani?"

"Kalunde. Nilipewa na baba yangu, kabla sijawa mama wa mtu."

Nikaliandika, akapata kiwanja chake, akaenda zake bila kunitazama tena. Afadhali angenitukana.

Kanuni ile niliifuta yote. Tangu hapo, programu yangu yoyote inayotaja watu huanza na jina la mtu mwenyewe, na kabla karatasi haijasomwa hadharani naisoma peke yangu, mstari kwa mstari, nikimtafuta atakayeumia.